Sinki la jikoni linapogoma: soma dalili kwanza, dawa baadaye

Watu wengi hapa Tanga sinki likiziba huanza na dawa ya kuzibulia. Wanamimina, wanasubiri, wanamimina tena, halafu baada ya siku tatu ndipo wanampigia fundi. Fundi akifika anakuta bomba bado limeziba vilevile, ila sasa limejaa maji yanayounguza mikono. Matatizo mengi ya sinki la jikoni mwenye nyumba anaweza kuyamaliza mwenyewe kwa ndoo, tambara na nusu saa ya subira, mradi ajue kwanza tatizo liko sehemu gani ya njia ya maji. Na hilo halijulikani kwa kumimina kitu. Linajulikana kwa kutazama mwendo wa maji, kusikiliza sauti, kunusa, na kupapasa mahali palipolowa.

Njia ya maji, kutoka sinki hadi shimo

Kwenye tundu la sinki kuna westi, kile kikombe chenye kichujio kilichokazwa kwa skrubu katikati. Chini yake kuna trapu, ama ya umbo la chupa ama ya bomba lililopinda. Kazi ya trapu ni kubakiza maji kidogo ndani yake, kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi, ili hewa chafu ya shimoni isirudi jikoni. Baada ya trapu bomba huingia ukutani au sakafuni, likatokea nje kwenye galitrapu, kile kisanduku cha zege kilichokaa chini ya ukuta wa nje. Kutoka hapo maji huenda kwenye chemba, kile kisanduku cha ardhini chenye mfuniko ambamo mabomba hukutana, na chemba huyapeleka kwenye shimo la maji machafu.

Nyumba za zamani za Ngamiani, zile za barabara za namba, zina jambo lake. Jiko lilikuwa uani, vyombo vikioshwa kwenye beseni na maji yakimwagwa nje. Sinki lilikuja baadaye, likawekwa palipopatikana nafasi, na bomba lake likapitishwa kando ya ukuta likikata kona mbili tatu kabla halijafika chemba. Sinki la nyumba ya aina hiyo likisumbua, kona na mteremko ndivyo vitu vya kwanza kushukiwa.

Kabla hujashika spana, jiulize mambo matatu. Je, ni sinki peke yake linalosumbua, au na bafu nalo linajaa? Je, tatizo limekuja taratibu kwa wiki nyingi, au jana lilikuwa zima na leo halipitishi hata tone? Na je, ukitoka nje ukatazama galitrapu huku mtu akifungua maji jikoni, unaona maji yakifika? Hili la tatu watu hulisahau, na ndilo linalokata kazi nusu. Maji yakifika kwenye galitrapu kwa nguvu, njia ya kati ya sinki na ukuta wa nje haijaziba. Yasipofika, au yakifika kwa kudondoka, kizuizi kiko kati ya sinki na ukuta wa nje. Galitrapu lenyewe likiwa limejaa hadi juu, achana na sinki kabisa, tatizo liko mbele.

Maji yanashuka polepole, na kila wiki yanazidi kuwa polepole

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni mafuta.

Sisi watu wa pwani tunapika kwa nazi. Sufuria ya wali wa nazi, mchuzi wa samaki wa tui zito, maharage ya nazi, vyote vinaoshwa kwenye sinki lilelile. Mafuta ya nazi yana tabia moja ya kuijua: yakipoa chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda. Mchana wa Januari hutaona shida, kwa sababu bomba lenyewe lina joto kuliko hapo. Lakini kipupwe kikiingia, Juni na Julai, asubuhi bomba linalopita kwenye kivuli cha ukuta au chini ya sakafu linakuwa limepoa, na kilichokuwa kinateleza jana jioni kimeshikamana na ukuta wa bomba. Ndiyo maana kuna masinki yanayosumbua asubuhi na kupona mchana. Mama mmoja wa Makorora aliniambia, "Fundi, sinki langu hili likiamka linanuna, ikifika adhuhuri limenisamehe." Kwa maneno hayo tu nilijua ni mafuta, na nilijua ni sehemu ya bomba iliyo nje, upande usiopigwa na jua.

Mafuta ya nyama ni mabaya zaidi. Ya ng'ombe na mbuzi yanaganda hata kwenye joto letu la kawaida, kwa hiyo hayasubiri kipupwe. Baada ya Sikukuu ya Iddi, simu za sinki huongezeka. Mafuta ya alizeti hayagandi, lakini yakikutana na unga wa ugali, ukoko wa wali na machicha ya nazi yanatengeneza uji mzito unaoshika kila kinachopita.

Halafu kuna mchanga na jivu. Bado tunasugua masufuria kwa mchanga au jivu, na ni njia nzuri ya kung'arisha, ila ifanyike nje. Mchanga hauelei. Unatua chini ya trapu na kwenye sehemu yoyote ya bomba iliyolala, mafuta yanaushika, na baada ya miezi unakuwa kitu kigumu ambacho hakuna maji ya moto wala dawa itakayokiyeyusha. Kinachukuliwa kwa mkono tu.

Wanaotumia maji ya kisima wana nyongeza yao. Ardhi yetu hapa ina mawe ya chokaa, hayohayo yaliyochongwa na maji yakafanya mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi ni magumu. Sabuni ya mche haitoi povu, inatoa utando wa kijivu unaonata. Utando huo nao unakaa ndani ya bomba.

Sasa dawa yake. Anza na maji ya moto, lakini usimwage maji yanayochemka moja kwa moja. Bomba la PVC, yaani la plastiki, linaanza kulegea likikutana na joto kali, na kwenye viungo linaweza kupinda au kuachia. Chukua maji yaliyochemka uyachanganye nusu kwa nusu na maji ya bomba. Hapo unapata nyuzi 60 au zaidi kidogo, joto linalotosha kuyeyusha mafuta ya nazi na ya nyama bila kuumiza bomba. Tia sabuni ya maji ya vyombo kwenye tundu kwanza, subiri dakika chache, kisha mimina ndoo nzima kwa mkupuo. Maji machache machache hayafai kitu, kwa sababu mafuta yanayeyuka hapa na kuganda mita moja mbele. Unataka maji mengi yenye nguvu yayasukume hadi nje.

Ikishindikana, chukua pampu ya mpira yenye mpini. Wengi wanaitumia vibaya. Sinki liwe na maji ya kufunika mpira wote, na lile tundu dogo la pembeni la kuzuia maji kufurika lizibwe kwa tambara lililolowa. Sinki likiwa la mabeseni mawili, ziba na tundu la beseni la pili, tena mtu alishike kwa mkono. Usipofanya hivyo hewa inatokea kule, na unachosukuma ni upepo. Piga mara 15 hadi 20 mfululizo, kisha vuta kwa ghafla. Mvuto ndio unaong'oa, kusukuma peke yake kunaweza kukandamiza uchafu zaidi. Kama tayari ulishamimina dawa kali, pampu usiiguse. Maji yatakurukia usoni.

Kufungua trapu

Hii ndiyo kazi ninayotamani kila mwenye nyumba aijue, maana inamaliza zaidi ya nusu ya matatizo na haihitaji fundi.

Toa kila kitu chini ya sinki, weka ndoo chini ya trapu, na sogeza taa au simu uone vizuri. Usifungue koki ya sinki hilo wakati wa kazi. Funika koki kwa tambara ikumbushe na wengine. Trapu ya chupa ina kikombe cha chini kinachofunguka kwa kuzungusha kushoto ukikitazama kutoka chini. Jaribu kwa mkono kwanza, umevaa glavu ya mpira inayoshika. Ikikataa, tumia spana ya bomba huku umezungushia kitambaa, na mkono wa pili ushike mwili wa trapu usizunguke nao. Nati za plastiki zinapasuka kwa urahisi zikiwa za zamani.

Kikombe kikitoka, maji meusi yatamwagika, kisha utaona chenyewe: tabaka la mchanga chini, juu yake mafuta meupe yaliyokauka yakishika nyuzi za machicha, magamba ya samaki yakiwa yamejipanga pembeni, na mara nyingi kipande cha stiliwaya kilichokuwa kinashikilia vyote. Usikimwage kwenye sinki la bafuni! Kimwage kwenye gazeti, ukitupe na takataka. Sugua ndani kwa mswaki wa zamani na sabuni, ukiingiza kidole kwenye kijitundu cha upande kinachoelekea ukutani, kwa sababu hapo ndipo uchafu hujificha baada ya kikombe kusafishwa.

Kabla hujarudisha, angalia washa ya mpira, ile pete inayozuia maji kwenye kiungo. Iliyokakamaa, iliyopasuka au iliyokuwa bapa kabisa ibadilishe, na uende dukani nayo mkononi, usikadirie kwa macho. Safisha mahali inapokaa, irudishe ikiwa imekaa sawa kote, kaza kwa mkono hadi ishike, kisha ongeza robo mzunguko tu.

Ukikuta trapu safi kabisa, usirudishe bado. Ingiza waya wa springi kwenye bomba la ukutani, ukiuzungusha taratibu huku unasukuma. Ukigonga kitu laini kinachorudi nyuma ni mafuta. Kitu kigumu kisichosogea huenda ni kona tu, kwa hiyo zungusha, usilazimishe. Kama hukupata waya wa springi, waya wa kawaida uliokunjwa ncha hufanya kazi kwenye bomba fupi, ila ncha isiwe kali ikatoboa kona. Na ukiweza, fanya kazi kutokea nje, upande wa galitrapu. Uchafu unaovutwa kutoka nje unaangukia nje.

Limeziba ghafla

Hapa hakuna mafuta. Kuna kitu kilichoingia: kifuniko cha chupa, kijiko cha mtoto, kitambaa cha kuoshea, kokwa la embe, mfupa wa samaki uliolala mshazari. Pampu usitumie, itakisukuma mahali usipokifikia. Fungua trapu moja kwa moja. Mara nyingi kiko hapohapo.

Ukimwaga maji upande mmoja wa sinki la mabeseni mawili yakachomoza upande wa pili, kizuizi kiko baada ya mabomba mawili kukutana, kwa hiyo ni trapu au mbele yake. Likijaa upande mmoja huku mwingine ukishuka vizuri, kiko kwenye kipande kifupi cha upande ule, kabla ya kukutana.

Linakoroma

Sauti ya gulugulu ni hewa inayotafuta njia. Swali la kujiuliza ni moja: maji yanashuka kwa kasi gani wakati linakoroma?

Linakoroma na kushuka polepole, basi bomba limeanza kuziba mbele na hewa inapenya kwa shida. Rudi juu kwenye habari ya mafuta. Linakoroma na kushuka kwa kasi, basi bomba ni safi ila halina pa kuvutia hewa, na maji yakishuka yanavuta na yale ya kwenye trapu. Baada ya muda utaanza kusikia harufu, na utadhani ni tatizo jingine.

Sababu ya ukosefu wa hewa hapa kwetu mara nyingi imefanywa kwa nia njema. Galitrapu la nje lilikuwa linaleta mende au linanuka, mtu akalifunika kwa zege akaziba kabisa. Kumbe lile lilikuwa ndilo tundu la pumzi la bomba la jikoni. Dawa ni kulifungua, kulisafisha, na kuweka kifuniko chenye matundu na wavu wa mbu. Kama bomba linakwenda mbali bila kufunguka popote, fundi apandishe bomba la hewa kwenye ukuta hadi juu ya paa, nalo livikwe wavu. Wavu usiachwe. Mbu wanazaliana kwa wingi kwenye mashimo ya maji machafu, na bomba la hewa lililo wazi ni mlango wao.

Sinki likikoroma wakati mtu anaoga au anamwaga maji chooni, njia ya pamoja ndiyo iliyoanza kuziba. Usisubiri ijae.

Linanuka

Tenganisha harufu kwanza. Harufu ya samaki au mafuta yaliyochacha inatoka kwenye westi yenyewe na kile kitundu cha kuzuia kufurika, ambacho hakuna anayekisafisha. Fungua skrubu ya kichujio, sugua kwa mswaki na sabuni, mimina maji ya moto kwenye kitundu. Hewa yetu ya chumvi inashika kutu skrubu hiyo, ikikatika ukiifungua ujue ilikuwa imekwisha. Weka ya shaba au isiyoshika kutu.

Harufu ya yai viza ni hewa ya shimoni, na maana yake trapu haina maji au haipo. Mimina lita moja ya maji ya kawaida. Harufu ikikoma na isirudi, trapu ilikuwa imekauka, kama inavyotokea mkisafiri mwezi mzima. Mkitaka kufunga nyumba siku nyingi, mimineni maji, kisha vijiko viwili vya mafuta ya alizeti juu yake yazuie maji kukauka haraka. Si mafuta ya nazi, nimeshaeleza sababu. Harufu ikirudi baada ya siku chache na sinki linatumika kila siku, maji ya trapu yanavutwa, rudi kwenye habari ya hewa.

Halafu kuna masinki yasiyo na trapu kabisa. Ni mengi mno, hasa kwenye nyumba za kupanga: mpira wa mikunjo umetoka kwenye westi ukachomekwa moja kwa moja kwenye bomba la ukutani, na pengo linalobaki limejazwa kitambaa. Hapo mende na harufu vina barabara. Ukiwa mpangaji na huwezi kubadilisha chochote, angalau pindisha mpira huo ushuke kisha upande kabla ya kuingia ukutani, uufunge kwa waya usinyooke, ubakize maji kwenye bonde lake. Ziba pengo la ukutani kwa pete ya mpira inayolingana au silikoni. Lakini ni suluhisho la muda, kwa sababu mikunjo ile inashika mafuta kila mahali. Trapu halisi haina mbadala.

Linavuja chini

Usikaze chochote kabla hujajua maji yanatoka wapi. Maji hutambaa kwenye bomba na kudondokea mbali na yanapotoka. Kausha kila kiungo kwa tambara, zungushia karatasi kavu ya chooni, kisha fanya majaribio mawili. Kwanza ziba tundu, jaza sinki, subiri dakika kumi. Karatasi ikilowa chini ya beseni wakati maji yamesimama, westi ndiyo inayovuja: silikoni yake imeachia. Fungua, kwangua silikoni ya zamani yote, kausha, paka mpya, na usitumie sinki hadi kesho yake.

Pili, achia maji yote kwa mkupuo. Karatasi ikilowa sasa, ni nati za trapu au kiungo cha ukutani. Watu wengi huzungushia tredi tepu, ule utepe mweupe wa mafundi, kwenye nati hizi, tena nyingi, na bado zinavuja. Kinachozuia maji pale ni washa, wala si zile tredi za nati. Tepu nyingi inafanya nati isikae vizuri na washa isibanwe. Washa yenye upande mwembamba, ule mwembamba uingie ndani ya kiungo, na mgongo bapa utazame nati.

Kama kunalowa hata sinki likiwa halijatumika usiku kucha, mkosaji ni bomba la maji safi linalopanda kwenye koki. Funga valvu na ushughulike huko.

Kiungo kilichogundishwa kwa gundi ya PVC kikivuja, kukipaka gundi juu ni kupoteza pesa. Kata kipande, weka soketi mpya, kile kipande cha kuunganishia mabomba, sehemu zote mbili zikiwa kavu na zimekwanguliwa kwa msasa.

Kila kitu kinajaa kwa pamoja

Sinki, bafu na choo vikijaa siku moja, toka nje ukafungue chemba iliyo karibu na nyumba. Chemba ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba, na waya mrefu utakifikia kutokea hapo. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake. Fungua ya pili, endelea hadi utakapokuta moja imejaa na inayofuata ni kavu: katikati yao ndipo penye shida. Zote zikijaa, shimo limejaa.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, sehemu za bondeni ardhi yenyewe imeshiba, na shimo lililonyonywa leo linajaa tena baada ya siku chache. Hakuna dawa ya kumimina inayobadilisha hilo. Punguzeni maji: vyombo vioshwe mara moja au mbili kwa siku, na maji ya suuza yamwagwe kwenye migomba.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Mtu asiingie ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata amefungwa kamba. Hewa ya mle inazimisha akili kabla hujajua, pua yenyewe inaacha kuinusa, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Iteni gari la kunyonya.

Kuhusu dawa kali

Kostiki soda inavunja mafuta kweli, lakini ikiwa nyingi na maji kidogo inayageuza kuwa sabuni ngumu ndani ya bomba, na hapo ni kukata bomba. Inatoa joto kali linaloweza kulegeza PVC. Inakula alumini, kwa hiyo sufuria isikae kwenye sinki. Ukilazimika kuitumia, tia soda kwenye maji baridi mengi, kidogo kidogo, wala usimwage maji juu ya soda, maana itafoka. Asidi ya betri usiitumie kabisa, na usichanganye dawa yenye klorini na siki, asidi au dawa nyingine yoyote. Hewa inayotoka inaunguza mapafu. Siki na soda ya kuokea keki zinatoa povu la kupendeza na kupunguza harufu, lakini mafuta yaliyoganda haziyang'oi.

Msihifadhi dawa hizi kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto hajui. Akinywa, asitapishwe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa, apelekwe Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu mara moja, na chupa iende naye.

Likizibuliwa na kuziba tena

Sinki linaloziba kila baada ya miezi miwili halihitaji kuzibuliwa tena, linahitaji kupimwa mteremko. Bomba lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Bomba la mita 4 kutoka ukuta wa jiko hadi chemba lishuke sentimita 8 hadi 10. Pima kwa levo ya maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, watu wawili, mmoja kila ncha. Ukikuta limelala, au limebonyea katikati kwa sababu halikufungwa ukutani, umepata mchawi wako: maji yanasimama hapo kila usiku, na mafuta yanaganda hapo kila usiku.

Bomba linalopita ukutani linyanyuliwe na kufungwa kwa klipu kila nusu mita hivi. Kona kali ya nyuzi 90 ibadilishwe iwe kona mbili za nyuzi 45, na palipo na kona pawekwe tii, kiungo cha njia tatu, yenye kifuniko cha kufungua ili waya uingie siku nyingine bila kuvunja kitu. Kama bomba ni la milimita 40 na safari ni ndefu, mwambie fundi aweke la milimita 50. Mwambie pia, kabla hajaanza, kama umemimina dawa na ni dawa gani, na umwonyeshe chemba zote unazozijua, hata ile iliyofunikwa na mchanga nyuma ya banda la kuku.